Dresa na Njia ya Mawengi

Nimefanya kazi na waganga wa kila namna, wakali na wapole, wanaojua na wanaojifanya wanajua, na karibu wote nimewasahau au nimewasamehe. Yule dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya shamba, bado ananiudhi. Naweza kuwa nimekaa zangu barazani, sina neno na mtu, mara nikamkumbuka anavyoninyooshea kidole kuelekea mlangoni bila kusema kitu, na hamu yote ya chai ikaniisha.

Jina lake analo, na wajukuu zake wapo hai, kwa hiyo nitamwita walivyomwita watu wote wa pande zile: Dresa. Yeye naye hakuniita jina langu hata siku moja. Aliniita Bwana Miezi Sita. Aliyenitangulia naye aliitwa hivyo hivyo, na aliyemtangulia yule pia. Nilipomwambia kwa heshima kwamba mimi nina jina, tena jina zuri la babu yangu, alinitazama kwa huruma.

"Jina nitakuja kulishika," akasema, "halafu utaondoka nalo."

Miezi sita yenyewe ilikuwa sheria ya chuo. Enzi hizo za Mwingereza, sisi tuliokuwa tukisomea uganga msaidizi Dar es Salaam hatukuruhusiwa kukalia mtihani wa mwisho mpaka tukae miezi sita shamba, katika zahanati ya mbali, chini ya mtu wa pale pale. Mtu huyo ndiye aliyetia sahihi karatasi kwamba unafaa. Bila sahihi hapana mtihani, na bila mtihani miaka yako mitatu ya kukesha na vitabu imekwenda na maji. Mimi nilikuwa mtoto wa Tanga, wa kwanza kwetu kupita darasa la nane, na mama yangu alikwisha watangazia majirani wote kwamba mwanawe ni daktari. Kwa hiyo mjue tangu sasa: maisha yangu yote yalikuwa mfukoni mwa mzee aliyekuwa amesoma mpaka darasa la nne tu.

Nilishuka kwenye lori Makambako nimevaa shati la mikono mifupi. Upepo wa pale hauna adabu. Nikasubiri lori jingine la kunifikisha Njombe, na kutoka Njombe nikatembea saa tatu kwa miguu, njia ya kuelekea Ludewa, sanduku kichwani. Dresa alikuwa amesimama mlangoni mwa zahanati yake ya udongo, kakoti kamemzeekea mwilini, kofia ya sufu imeshuka mpaka kwenye nyusi. Nikampa karatasi ya chuo. Akaisoma, akaikunja, akaitia ndani ya Biblia yake.

"Kamwene," akanisalimu kwa Kibena. "Umelala wapi?"

Nilidhani ananikaribisha. Kumbe swali hilo alimuuliza kila mtu. Mgonjwa akiingia anatetemeka kwa homa, hakuulizwa anaumwa nini, aliulizwa amelala wapi. Mama mwenye jino, amelala wapi. Mzee aliyekatwa na shoka, damu inachuruzika sakafuni, amelala wapi. Nami nimesimama pembeni na pamba mkononi, roho inanitoka. Kule chuoni tulifundishwa kuuliza kwa utaratibu: maumivu yameanza lini, yako wapi, yanakuja na kwenda au yamekaa. Nilimwambia hivyo. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia aliyefuata na kumuuliza amelala wapi.

Kosa lake kubwa lilikuwa hilo: hakueleza. Ungeweza kumuuliza mara tatu kwa nini tunafanya hivi na si vile, na mara zote tatu angekujibu, "Utaona." Mwalimu gani huyo? Nilikuja kufundishwa, si kutegua vitendawili. Alikuwa anafikiri kumwambia mtu jambo ni kulipoteza.

Tena alikuwa mnafiki, ingawa neno hilo ni zito na sijui kama nimelitumia sawasawa. Alikuwa mzee wa kanisa, Mlutheri wa kukaa mbele, na kila Jumatatu aliwahubiria wagonjwa kwenye foleni juu ya ubaya wa pombe. Msimu wa ulanzi ukifika, mianzi ikianza kutoa pombe yake, kulikuwa na kibuyu nyuma ya kabati la bandeji. Nilikiona kwa macho yangu. Nilipokitazama sana aliniambia ni dawa ya mgongo. Waliokwenda kwa waganga wa kienyeji aliwafokea mpaka wakalia, na mgongo wake huo huo ulikuwa unachuliwa na mganga wa kienyeji, bibi mmoja aliyekuja na mafuta yake kwa mlango wa nyuma. Alidai hajui Kiingereza, lakini barua za bwana mganga mkuu wa Njombe, Mzungu, alizisoma zikiwa juu chini mkononi mwangu, kabla sijazimaliza mimi niliyezishika sawasawa. Na kabla ya kushona jeraha aliomba kwanza, kwa Kibena, sala ndefu. Siku moja nilimwambia kwamba mgonjwa ataishiwa damu kabla ya amina. Akafumbua jicho moja.

"Bana pale," akasema, akanionyesha mshipa kwa kidole, akaendelea na sala.

Nikabana. Kweli damu ikasimama. Haikunipunguzia hasira.

Lakini jambo lililotugombanisha hasa lilikuwa machela. Milima ile haina barabara za maana. Mgonjwa asiyeweza kutembea anabebwa na wanaume wa kijiji chake juu ya machela, blanketi lililofungwa kwenye miti miwili, wanapokezana mabegani siku nzima. Dresa alikuwa na amri yake mwenyewe, haimo katika karatasi yoyote ya chuo: kila mwanafunzi lazima akatangulie kumpokea mgonjwa njiani na kushika mti kama wengine. Hakutaka tusimame mlangoni tukingoja tuletewe.

Mimi nilikataa. Nasema wazi, nilikataa. Sikusoma anatomia ili niwe mchukuzi. Nikamwambia bega langu la kulia liliumia utotoni, nilipoanguka mnazini. Alinivua shati, akalibonyeza bega kwa vidole vyake viwili vigumu, juu, chini, nyuma. Sikuwa nimewahi kupanda mnazi maishani mwangu. Akanirudishia shati, akachukua daftari lake na kuandika neno moja: bega. Tangu siku hiyo hakuniita tena kwenye machela. Kila machela ilipopita akaniuliza tu, mbele za watu, kwa upole mkubwa, "Bega linaendeleaje?"

Alikuwa na mambo yake pia juu ya wanafunzi wa hiari. Mwaka ule alikuja mmoja, kijana Mzungu aliyekuwa anasomea udaktari kwao Ulaya, akaomba mwenyewe kukaa nasi wiki sita wakati wa kiangazi. Huyo aliposikia habari za machela alifurahi kama anaitwa harusini. Alibeba, akaanguka, akacheka, akabeba tena, akapiga picha na wabebaji wote. Nilimwambia Dresa, si unaona, huyu ana moyo. Dresa alikuwa anakunja bandeji.

"Wa lazima anatazama kalenda," akasema. "Wa hiari anatazama picha. Bado simwoni wa kumtazama mgonjwa."

Yule kijana alimwachia koti zuri la mvua. Dresa alilivaa kila siku mpaka likachanika, huku akimsema.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Mwezi wangu wa tano Dresa alishikwa na mgongo kiasi cha kushindwa kusimama, akalala kwake wiki tatu na ushei. Zahanati ikawa yangu. Nilifurahi, kwa nini nifiche? Niliisafisha, nikapanga chupa kwa herufi, nikaanzisha vyeti vya kurudia kama tulivyofundishwa: kila mgonjwa anapewa karatasi ndogo yenye siku ya kurudi, na asiyefika siku yake hapokelewi mpaka wengine waishe. Foleni ikanyooka. Sikumuuliza mtu amelala wapi.

Katika siku hizo akaja mama mmoja kutoka Mawengi, Mpangwa, amembeba mgongoni binti yake wa miaka kama mitano mwenye donda la buba mguuni. Kulikuwa na dresa mwingine jirani na kwao, ila sindano zilikuwa zimemwishia, akaelekezwa kwetu. Nikamchoma mtoto sindano, nikaosha donda, nikafunga, nikamwandikia mama cheti: baada ya siku nne. Akakitia kwenye upindo wa nguo yake kwa mikono miwili. Baada ya siku nne, asubuhi, mlango haujafunguliwa, yupo. Nikamwandikia tena siku nne. Yupo. Mara ya tatu, yupo. Donda likawa linafunga vizuri sana. Mama yule akawa fahari yangu. Nikawa namtumia kuwasimanga wenzake, watu wa vijiji vya saa moja kwa miguu waliochelewa siku mbili.

Siku ya nne ya kurudi kwake ndiyo siku aliyorudi Dresa, anatembea na fimbo. Alinikuta nimemsimamisha mama yule mbele ya foleni yote.

"Mtazameni huyu!" nasema kwa sauti. "Anatoka Mawengi, na hajakosa hata siku moja! Ninyi mna udhuru gani?"

Foleni ilikuwa kimya. Nilidhani ni aibu. Dresa hakuitazama foleni wala mimi, alitazama miguu ya mama. Nami ndipo nikaitazama. Nyayo zilikuwa zimepasuka, na mipasuko ilikuwa na damu mbichi.

"Umelala wapi?" Dresa akamuuliza.

"Njiani."

"Na jana yake?"

"Njiani."

"Nyumbani umelala siku ngapi?"

Mama akaonyesha kidole kimoja. Kutoka kwetu hadi Mawengi ni siku mbili kwa miguu. Siku mbili kwenda, usiku mmoja, kugeuka, siku mbili kurudi. Mama yule alikuwa hajaishi nyumbani kwake kwa zaidi ya nusu mwezi, anatembea tu na mtoto mgongoni, kwa sababu karatasi yangu ilisema. Watu wote wa foleni walilijua hilo isipokuwa mimi.

Nilitaka Dresa anifokee. Angefoka ningejibu, tungeyamaliza. Akaingia ndani akaanza kuchemsha sindano.

Wiki zikapita, mama akiwa ameambiwa na Dresa akae nyumbani Mawengi na arudi mtoto atakapopata nafuu kabisa, na miezi yangu sita ikatimia. Nikafungasha sanduku. Mtihani ulikuwa umekaribia na lori la Makambako nilikwisha liulizia. Nikaenda kwa Dresa na kalamu. Akatoa karatasi yangu ndani ya Biblia, akaiweka mezani, akaweka kiganja juu yake.

"Miezi umemaliza," akasema. "Mawengi hujaenda."

"Mzee, Mawengi haimo kwenye karatasi!"

"Mama yule amekuja leo na mtoto amepona. Kesho anarudi. Nenda naye."

"Nitakosa lori. Nitakosa mtihani. Mzee wangu, nakusihi."

"Siku mbili kwenda, mbili kurudi. Lori lako ni Jumanne ya pili." Kumbe alikwisha lihesabu. Akainama, akatoa chini ya meza kifurushi kilichofungwa kwa jani la mgomba, kinatosha kiganjani. "Na hii chumvi. Ng'ambo ya kijito cha Mawengi, kwenye kilima, yuko bibi mmoja anayekaa peke yake. Kila mtu anamjua. Mpe. Mwambie imetoka kwa dresa. Halafu uniletee atakachosema."

"Bibi huyo ni nani?"

"Utaona."

Nilitembea siku mbili nyuma ya mwanamke aliyekuwa na mtoto mgongoni na mzigo kichwani, na sikuweza kwenda naye sambamba hata mara moja. Alinisubiri kwenye kila mpando bila kuonyesha kwamba ananisubiri. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kifupi. Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini hakuniambia kwamba kwao ni mbali.

"Wewe umesoma," akasema. "Mimi nikuambie nini?"

Alipojua natoka Tanga alisimama katikati ya njia. Mumewe alikuwa huko, kwenye mkonge, mwaka wa pili sasa. Akaniuliza kama namfahamu, akanitajia jina lake na kovu lililo usoni mwake. Nikamwambia mkonge wa Tanga ni mkubwa, mama, watu ni wengi. Akaitikia, tukaendelea. Baada ya mlima mmoja akanielezea lile kovu tena, safari hii akinionyesha kwa kidole kwenye uso wake mwenyewe.

Tulipofika kwake niliona shamba. Mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini. Lake lilikuwa majani matupu. Mvua za kupandia zilimkuta njiani, anawahi siku yangu ya nne. Hakunionyesha kwa kunilaumu, alilipita tu na kuingia ndani kukoka moto. Nilisimama pale nikaona haya, haya ya kweli, ya kutaka ardhi inimeze. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi sikungoja kupewa. Nililima nusu siku, tukapanda maharage ambayo yeye na mimi tulijua yamechelewa, na viganja vyangu vya kalamu vikachubuka vyote.

Kisha nikatazama ng'ambo ya kijito. Kilima kilikuwa kimefunikwa na wingu, mvua inashuka, kijito kimejaa na rangi yake imebadilika. Kupanda na kushuka ni nusu siku nyingine. Nikajipigia hesabu ya lori. Nikasema moyoni: nimetembea, nimelima, nimeaibika, inatosha. Mzee huyu na chumvi yake! Kama ni jambo la maana, angesema. Nikageuza njia na kifurushi mkobani.

Nilimkuta Dresa amekaa mlangoni. Hakuniuliza habari za safari. Miguu yangu ilimtosha.

"Chumvi ilifika?"

"Ilifika."

"Alisema nini?"

Mimi ningejuaje mtu aliyepewa chumvi husema nini? Nilikuwa nimechoka, lori linaondoka kesho kutwa.

"Alisema asante," nikasema.

Dresa alivua kofia yake ya sufu. Miezi sita sikuwahi kuona kichwa chake, kilikuwa mvi tupu. Alikaa nayo mapajani kwa muda, akaigeuza, akaivaa tena. Halafu akatia sahihi karatasi yangu, herufi kubwa kubwa, na chini yake akaandika: Anafaa.

Makambako lori lilichelewa siku mbili. Nilikaa kwenye kihoteli cha mabati nikitetemeka, na nilipofungua mkoba kutafuta shuka kifurushi kikaanguka. Mama mpishi akauliza ni nini. Nikampa. Akaitia kwenye maharage, na mimi nikayala maharage yale. Yalikuwa matamu, Mungu anisamehe.

Dresa alikuwa na msemo kwa wagonjwa walioapa wamemeza kwinini yote huku wameitupa: njia ya mwongo fupi. Yangu ilikwenda miaka kumi na moja.

Nilifaulu. Nilifanya kazi Korogwe, kisha Dodoma, na ilipotangazwa nafasi Njombe niliiomba mwenyewe. Wenzangu waliniuliza kama nimerogwa. Nilikuwa nimezoea kumuuliza kila mgonjwa amelala wapi, na huko kwingine walinijibu kwa mshangao kwamba wamelala nyumbani.

Ilikuwa mwaka wa mwisho mwisho wa Mwingereza, watu wanazungumza uhuru kila mahali. Asubuhi moja wakaingiza machela, na juu yake yupo Dresa, kofia ile ile, mwili umekwisha. Tumbo limejaa maji, ini gumu chini ya vidole vyangu. Nilijua, naye alijua kwamba nimejua. Alinitazama sana.

"Bwana Miezi Sita," akasema. "Bega linaendeleaje?"

Nilikaa naye siku ile baada ya kazi. Alizungumza zaidi ya alivyozungumza miezi yote sita, na yote aliyoyasema yalipaswa kusemwa miaka kumi na moja kabla.

Alipoanza kazi, akasema, alikuwa na zahanati safi kupita yangu. Naye alikuwa na vyeti. Akaja mama kutoka Mawengi na mtoto wake wa pekee, ana kifua. Akampa dawa, akamwandikia baada ya siku nne. Yule mama alirudi siku ile ile ya nne, asubuhi, amekunja nguo ya kubebea mtoto mkononi. Mtoto alikuwa amefia njiani wakati wanarudi zahanati, akamzika huko, akaendelea kuja kwa sababu karatasi ilisema aje. Akakiweka cheti mezani, akaondoka.

"Nikaogopa kwenda kwake," akasema. "Nikawatuma ninyi. Kila mmoja na chumvi, ya kuomba radhi. Wote walirudi na neno moja: mwambie aje mwenyewe. Kila mwaka, aje mwenyewe. Mwaka wako nilikuwa nimekwisha nunua viatu. Nikasema huyu akirudi na neno lile lile, nakwenda." Akapumzika kidogo. "Wewe ukaniletea asante. Viatu nikampa mkwe wangu, na chumvi sikutuma tena."

Pamoja na haya iliyonishika, hasira ikanipanda mpaka machozi. Angesema! Neno moja tu, siku ile, akiwa na kifurushi mkononi: huyu ni mama niliyemkosea. Ningepanda kilima kile kwa magoti. Lakini hapana, utaona, utaona! Nami sasa ndiyo naona, mzee yuko kitandani na miguu imevimba.

Ningeweza kunyamaza. Nililifikiri. Alikuwa anakwenda zake kwa amani, na amani ile niliitengeneza mimi. Lakini kule kilimani kulikuwa na bibi aliyengoja miaka kumi na moja zaidi mtu asiyekuja.

"Mzee," nikasema, "sikufika kwake. Chumvi niliila Makambako."

Nilingoja anilaani. Akanyoosha kidole, kile kile, kuelekea mlangoni.

"Ita machela," akasema.

"Mzee, hutafika. Mimi ndiye mganga hapa, nakuambia hutafika."

"Basi nitalala njiani. Wengine wamelala."

Nilibishana naye siku nzima iliyofuata, na kama mnavyojua sikumshinda. Lori la misheni lilitusogeza kwa siku moja, likatuacha barabara ilipoishia. Kulikuwa na wanawe wawili na wanaume wawili wa kijiji cha pale. Aliwapanga mwenyewe akiwa amelala chali, huyu nyuma, huyu kushoto. Halafu akanigeukia.

"Miezi Sita, shika mbele. Bega la kulia."

Nikashika. Alilalamika njia nzima. Namtikisa. Naenda mbio. Naenda polepole. Kwenye mteremko nimkumbuke. Ule mti ulinikata bega mpaka shati likalowa, na kila nilipotaka kupokewa alisema bado kidogo. Kwenye kijito maji yalitufika kiunoni, akaomba sala yake ndefu ya Kibena tukiwa tumesimama katikati tumemnyanyua, na hakuna aliyethubutu kusogea kabla ya amina. Kifuani alikumbatia kifurushi cha chumvi. Hakukubali nikishike mimi.

Bibi alikuwa hai. Alitoka kwenye nyumba yake ya kilimani, mfupi, mkavu, ameshika kuni. Akatutazama sisi, akaitazama machela.

"Ni dresa," nikamwambia, natweta. "Amekuja mwenyewe."

Alimsogelea, akamtazama usoni kwa muda mrefu. Dresa alikuwa analia bila sauti, anamnyooshea kile kifurushi kwa mikono miwili. Bibi hakukipokea mara moja.

"Hajaja mwenyewe," akasema. "Amebebwa." Kisha akaitupa ile kuni chini, akachukua chumvi. "Amelala wapi huyu? Mwingizeni ndani, kuna baridi."